Hela ya kujifunza nayo ni hela ya watoto

Milioni mbili na laki nne. Hiyo ndo hela iliyotuchelewesha kwenye kikao cha bodi mpaka saa kumi na mbili jioni, kwenye asasi moja ya watoto huku Kanda ya Ziwa ambayo nimekuwa naisaidia kwa kujitolea kwa miaka kadhaa sasa. Mratibu alikuwa ameweka mstari mmoja kwenye bajeti: mafunzo ya kompyuta na akili mnemba (AI) kwa watumishi wawili, miezi mitatu, pamoja na bando na laptopu moja ya mtumba. Mzee mmoja wa bodi, mtu ninayemheshimu sana na ambaye ametoa mfukoni mwake kuliko yeyote pale, akavua miwani akasema, jamani, hii hela ni sare na viatu vya watoto arobaini. Kimya. Hesabu ilikuwa sahihi, elfu sitini kwa mtoto, nani atabisha. Mstari ukafutwa.

Siandiki hapa kumsema yule mzee. Hoja yake ndo hoja ya Watanzania wengi wanaochangia asasi, na ndo hoja ya wafadhili wengi wa nje hata kama wao wanaisema kitaalamu zaidi, kwamba hela ya msaada imfikie mlengwa, isiishie ofisini. Na haikutoka hewani, watu wameshaona magari ya mradi yamepaki nje ya hoteli wiki nzima wakati shule ya kijiji cha mradi haina choo. Ila tangu siku ile kuna swali limenikaa kichwani na ndo limenifanya niandike: hivi tulipoufuta ule mstari, tuliokoa nini hasa?

Kwa sababu AI haikufutika pamoja nao. Wale watumishi wawili wanatumia ChatGPT tangu 2023, mmoja kwa ripoti za robo mwaka, mwingine kwa kutafsiri. Hakuna aliyewafundisha, hakuna aliyewaruhusu wala kuwakataza, wanatumia kwenye simu zao wenyewe, kwa bando lao, kwa akaunti walizofungua na imeli zao binafsi. Nimepita kwenye asasi nyingine ndogo nne tano hivi na mambo ni yale yale, ukiuliza kwenye kikao nani anatumia hakuna mkono unaonyooka, ila mkikaa pembeni mnakunywa chai mtu anatoa simu anakuonyesha. Wanaona haya. Wanahisi wataonekana wavivu, au mfadhili atasema andiko sio la kwao, au mwenyekiti atauliza sasa tunakulipa wewe kwa kazi gani. Kwa hiyo wanaficha, na kinachofichwa hakisahihishwi na mtu.

Mi naona hapa ndo tunapopishana. Watu wa bodi wanadhani swali ni kama tuingize hii teknolojia kwenye asasi au tusiingize. Ilishaingia, imepitia mlango wa uani, na imekaa jikoni. Tulichokataa siku ile ni mtu wa kutufundisha namna ya kuishi nayo.

Na kuna sababu imeingia kwa kasi hii. Mnaofanya kazi hizi hamhitaji kukumbushwa 2025 ilivyokuwa, tarehe 20 Januari Marekani ikasimamisha misaada ya nje, Machi waziri wao Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika lao la misaada, imefutwa, ikafika Julai mosi shirika lenyewe likawa limeondoka. Asasi ninayoijua ilibaki na theluthi moja ya watumishi wake, lakini kazi za walioondoka hazikuondoka nao, ripoti ni zile zile, kwa Msajili wa asasi ni kule kule, watoto ni wale wale. Na ripoti zinatakiwa kwa Kiingereza, ziandikwe na watu wanaofanya kazi yao yote, kuanzia asubuhi mpaka usiku, kwa Kiswahili na Kisukuma. Mtu wa namna hiyo ukimwonyesha kitu kinachoandika kurasa tatu za Kiingereza safi kwa dakika mbili, bure, unategemea asikitumie? Mimi ningekitumia.

Sasa nieleze nilichokiona, maana bila hiki haya yote ni maneno tu. Kuna dada wa ustawi wa jamii pale, elimu yake kidato cha nne, miaka kumi na moja kazini, anajua kuongea na mtoto aliyeumizwa kuliko watu wengi wenye digrii niliowahi kukutana nao. Alikuwa anatafsiri maelezo ya kesi ili yaingie kwenye ripoti ya mfadhili. Sentensi yake ya Kiswahili ilikuwa karibu hivi, nimebadilisha kidogo ili mtoto asijulikane: "Alimpeleka kwa shangazi yake usiku ule, akamwambia asimwambie mtu." Sentensi nzuri, kwa sisi tuliosoma mistari ya juu yake inaeleweka kabisa. Lakini Kiingereza hakina hii "a" yetu inayobeba mwanamke na mwanaume sawasawa, lazima kichague, na mashine ikachagua. Ikaandika kwamba mwanaume ndo alimpeleka msichana, usiku, kwa shangazi wa huyo mwanaume, akamwonya asiseme. Ukweli ni kwamba aliyempeleka ni mama mzazi, kwa shangazi wa mtoto, ili amfiche baba asimwone. Yaani mama aliyehangaika usiku na mtoto wake kafutika kwenye ripoti na pahali pake pamekuja mwanaume anayemficha binti wa watu.

Fikiria hiyo karatasi ikifika mezani kwa mtu wa nchi nyingine anayeamua nini kifanyike na familia ile. Fikiria ikiishia mahakamani.

Na huyu dada Kiingereza chake cha kusoma sio kibaya. Nilipomwambia soma tena, nani kampeleka nani, aliona ndani ya sekunde kumi, akashika kichwa. Tatizo ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba pale ndo pa kuangalia, kwamba kila penye "a" na "m" kwenye Kiswahili mashine inabahatisha jinsia, na kwamba dawa yake ni rahisi, andika "mama yake alimpeleka mtoto kwa shangazi wa mtoto" kabla hujaitafsirisha. Hilo ni somo la dakika kumi, na ni ujuzi wa AI kabisa, ila huukuti kwenye mafunzo mengi ya AI, maana aliyeyaandaa mara nyingi hana "a" kwenye lugha yake.

Halafu kulikuwa na jingine ambalo lilinitisha zaidi. Jina la mtoto lilikuwemo. Jina la kijiji, jina la shule, darasa. Vyote vimebandikwa kwenye akaunti ya bure ambayo, kama hujaingia kwenye mipangilio ukazima, mazungumzo yako yanaweza kutumika kuifundishia mashine. Hakujua. Na mimi nisingemlaumu kwa sekunde moja, kwa sababu huyu ndo mtu yule yule anayefunga faili la karatasi kwenye kabati na funguo anatembea nayo shingoni.

Tuna sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei mosi 2023, na Tume yake ipo. Taarifa za watoto na za afya zimewekwa kwenye kundi nyeti. Wenzetu Kenya wana ya kwao tangu 2019 na wameshaanza kutoza, Septemba 2023 shule moja ya Uthiru jijini Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Hizo kwa hela yetu ya wakati ule ni zaidi ya milioni sabini, kama mara thelathini ya ule mstari tuliofuta. Na picha za watoto! Nendeni kwenye kurasa za asasi zetu mkaangalie, kila siku kuna mtoto kashika daftari jipya, jina chini, kijiji chini.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya asasi ndogo zisizo na uwezo, zikikua zitajipanga. Ndo maana huwa narudia kisa cha Msalaba Mwekundu mpaka marafiki zangu wamechoka. Januari 2022 ICRC, shirika lenye uzoefu wa vita zaidi ya miaka 150, lilitangaza kwamba seva zenye taarifa zake zimedukuliwa. Watu zaidi ya 515,000. Na sio wateja wa benki, ni watu waliopotezana na familia zao kwa vita, majanga na uhamiaji, watu waliopotea na ndugu wanaowatafuta, watu walioko vizuizini, taarifa zilizokusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Aliyewahi kufika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kule Kigoma anaelewa maana ya orodha ya namna hiyo, maana huko kumekuwa na watu wa Kongo na Burundi ambao kilichobaki kati yao na mama zao ni jina kwenye daftari la mtu.

Kinachoniuma kwenye kisa kile ni namba mbili. Ya kwanza ni 70. Wadukuzi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakaja kugundulika tarehe 18 Januari 2022, siku sabini wamo ndani ya nyumba. Na waliingilia wapi? Kwenye tundu la programu ambalo dawa yake ilishatoka, ila haikuwekwa kwa wakati. Basi. Kile kitu ambacho simu yako inakusumbua kila wiki ukiambie ndiyo na we unasema baadaye. Namba ya pili ni 12. Kabla ya hapo, shughuli ile ya kuunganisha ndugu ilikuwa inawakutanisha watu 12 kwa siku na familia zao, wastani, na baada ya udukuzi ikabidi mifumo izimwe. Kwa hiyo unapohesabu gharama ya kutokuwa na ujuzi huwezi kuihesabu kwa dola peke yake, unaihesabu kwa kumi na wawili wa leo, na kumi na wawili wa kesho, mama anakaa anasubiri taarifa ambayo ipo ila haimfikii. Kama wao wenye wataalamu wao liliwakuta, sisi wenye laptopu moja ya mtumba tunamtegemea nani?

Ndo maana ile hoja ya sare arobaini, pamoja na kwamba hesabu yake ni sahihi, mi naona imepima upande mmoja wa mizani. Sare inaonekana, inapigwa picha, mtoto anacheka. Mtoto ambaye jina lake halikuvuja haonekani, hajui hata kama aliponea chupuchupu, na hakuna mfadhili atakayepiga naye picha.

Na kuna hili la asilimia. Kwa miaka mingi, asasi inayopokea hela ya serikali ya Marekani bila kukubaliana nayo kiwango chake iliruhusiwa kuongeza asilimia 10 tu ya gharama za mradi kwa ajili ya uendeshaji, wakaja kuipandisha hadi 15 Oktoba 2024, miezi mitatu minne kabla bomba lenyewe halijafungwa. Wafadhili wengine hawatoi hata hiyo kumi. Chukua mradi wa milioni hamsini. Kumi ya hapo ni milioni tano kwa mwaka. Toa kodi ya ofisi laki mbili kwa mwezi, umebaki na milioni mbili na laki sita. Toa mlinzi laki na nusu kwa mwezi, umebaki na laki nane. Bado umeme, bado mkaguzi wa hesabu, bado ada ya Msajili, bado wino wa printa, na sasa uniambie mafunzo yanatoka wapi. Yanatoka kwenye mfuko wa mtumishi, au hayatoki kabisa. Mtu anayeona fungu dogo la uendeshaji kama alama ya uaminifu wa asasi angekaa siku moja tu na mhasibu wa asasi kama hii.

Sasa upande wa pili, na nauheshimu, sio kwamba hauna kitu.

Kwanza mafunzo yenyewe tunayajua yalivyo. Hoteli, siku mbili, beseni la maji ya chupa, vitini vya rangi, mtoa mada anaonyesha picha za roboti, posho, cheti, picha ya pamoja, kwaheri. Mtu anarudi ofisini na laptopu ni ile ile iliyokufa betri. Kama "kujenga ujuzi wa AI" ni jina jipya la semina za posho basi yule mzee yuko sahihi na mimi nakaa upande wake, wanunuliwe watoto sare. Halafu watu wengi wanaojitokeza na mafunzo ya bure ni wale wale wanaouza hiyo huduma, au waliopewa hela nao, na kitu cha bure kwa mwaka wa kwanza kinajenga mazoea ambayo mwaka wa tatu yanalipiwa kwa dola. Asasi iliyohamishia kila kitu huko haina pa kukimbilia.

Kuna wanaokataa kwa dhamiri pia, na hao hawasikilizwi vya kutosha. Jarida la Time liliandika Januari 2023 jinsi vijana wa Nairobi walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma maandishi ya ukatili na udhalilishaji, ya watoto pia, ili ChatGPT isiyaseme. Nina rafiki anayefanya kazi na manusura wa ukatili, alisoma ile habari na mpaka leo hagusi hicho kitu, anasema hawezi kutumia kwa ajili ya manusura chombo kilichosafishwa kwa kuwaumiza vijana wa jirani. Sina jibu la kumfunga mdomo na wala sitaki kuwa nalo.

Lakini hoja nzito zaidi kwangu, na mara nyingi husemwa kwa sauti ya chini baada ya kikao, ni hii: ukimfundisha ataondoka. Ni kweli. Anayejua Eksel vizuri na kuandika ripoti nzuri kwa msaada wa mashine atachukuliwa na shirika kubwa mjini ndani ya mwaka, mshahara mara tatu, na huwezi kumnyima mtu riziki. Nimeona asasi ambayo imeli yake, ukurasa wake na nywila zote zilikuwa kwa kijana aliyeondoka, na mpaka naandika hivi hawajaweza kuingia kwenye ukurasa wao wenyewe. Ila ukiitazama vizuri hiyo inaonyesha ujuzi ulikaa kwa mtu mmoja kwa sababu ndo mmoja pekee aliyejifunzia kwake, usiku, kwa hela yake. Hakuwa na sababu ya kumfundisha mwenzake na hakuna aliyemlipa kufanya hivyo. Ukifundisha wanne, akiondoka mmoja wamebaki watatu na nywila iko kwenye daftari la mwenyekiti.

Na kwamba ujuzi hauwezi kushika kwa watu wetu, hiyo sikubali hata kidogo, kwa sababu mkoa wa Mara upo. Kule Mugumu na Butiama kuna nyumba salama za shirika la Hope for Girls and Women, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, mama ambaye mwenyewe alipitia ukeketaji akiwa binti. Wasichana wanakimbilia pale hasa Desemba shule zikifungwa, maana ndo msimu. Sheria inakataza kumkeketa binti wa chini ya miaka 18 tangu 1998, sheria haikuwa tatizo kubwa sana. Tatizo jingine lilikuwa la kawaida kabisa: mtu anapiga simu usiku kwamba kijiji fulani kuna binti anakatwa kesho alfajiri, gari lipo, polisi yupo, ila hakuna anayejua njia, ramani ni nyeupe, kitongoji hakipo kwenye simu ya mtu yeyote. Kuanzia 2015 watu wa kujitolea kupitia mradi wa Crowd2Map wakaanza kuchora vijiji vya Tanzania kwenye OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichora, barabara na nyumba kutoka picha za setilaiti. Lakini setilaiti haijui kijiji kinaitwaje. Hapo wakaingia wanawake wa vijijini wenyewe, waliochaguliwa, wakapewa simu janja, wakafundishwa kuweka majina ya vitongoji, shule, zahanati, na kutoa taarifa za ukatili kwa simu hiyo hiyo.

Wale ni wanawake wa kijijini, hawakutoka kwenye chuo cha kompyuta. Na simu janja moja, ukiihesabu kwa hesabu ya kikao chetu, ni sare za watoto watatu wanne. Sasa mwambie msichana aliyefikiwa kabla ya alfajiri kwamba ile hela ilitakiwa iwe viatu.

Kwa jirani pia kuna pa kujifunza. Jacaranda Health pale Kenya wana huduma inaitwa PROMPTS, mama mjamzito anatuma ujumbe mfupi wa kawaida, haihitaji intaneti, anauliza kwa Kiswahili chake cha nyumbani kwamba mtoto hachezi tangu jana, na mashine inasaidia kuutambua kwamba huu ni wa hatari uende mbele haraka, halafu kuna watu wa dawati la msaada. Walifika hadi kutengeneza modeli yao ya Kiswahili, UlizaLlama, wakaitoa 2023. Mi ninachokipenda pale ni kwamba walijua maneno ya mama wa Kiswahili kabla ya kuleta mashine, walikuwa na maswali yake ya miaka. Sio lazima asasi yako ifike huko, wachache sana watafika, ila mpangilio ni ule ule: anayeijua kazi ndo anaamua mashine ishike wapi na iachie wapi. Na hawezi kuamua kama hajawahi kukaa nayo mchana kweupe na mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nimeshausema nusu nusu huko juu. Hela ya kujifunza iwekwe kwenye bajeti kwa jina lake, kila mradi, isiombewe radhi. Isiende hoteli. Mtu aje ofisini, siku mbili kwa mwezi, kwa mwaka mzima, akae na dada wa ustawi kwenye ripoti yake halisi, akae na mhasibu kwenye vocha zake halisi, na siku ya kwanza yote asiguse AI kabisa. Siku ya kwanza ni nywila, ni nani ana funguo ya imeli, ni kubonyeza ndiyo kwenye yale masasisho, ni kuhamisha majina ya watoto kwenda namba, mtoto 014, mtoto 015, orodha ya majina inabaki kwenye kabati na funguo inabaki shingoni kwa dada. Hiyo haihitaji hela nyingi, inahitaji mtu na muda. Baada ya hapo ndo mashine, na iwe ruhusa ya wazi iliyoandikwa ukurasa mmoja: hiki unaweza kubandika, hiki kamwe, ripoti iliyosaidiwa na mashine inasomwa na aliyeijua kesi kabla haijatoka. Na wafadhili mnaodai ripoti kwa Kiingereza kutoka kwa watu wanaofanya kazi kwa Kiswahili, pokeeni Kiswahili. Ninyi ndo mna watafsiri na mna bajeti ya watafsiri. Nusu ya haraka inayowasukuma watu kwenye ile akaunti ya bure saa tano usiku inatoka kwenu.

Wanaoogopa AI kwenye asasi nao waachwe waogope kwa raha zao, wasiitwe washamba. Mtu anayesita kuweka jina la mtoto kwenye kitu asichokielewa ana busara ambayo mafunzo yoyote yangetamani kuizalisha. Yule rafiki yangu asiyegusa kabisa, asasi ikimlazimisha kwa kuwa mfadhili anataka kusikia neno AI kwenye andiko, itakuwa imepoteza mtu bora iliyenaye.

Bodi inakaa tena mwezi ujao na mratibu anaurudisha ule mstari, safari hii laki mbili kwa mwezi, hakuna laptopu. Nimemwomba yule dada wa ustawi aniruhusu nisome sentensi yake mbele ya wazee, kwanza ya Kiswahili halafu ile ya mashine, nimtafsirie mzee wetu neno kwa neno. Nilikuwa nimeshabadilisha vitu kama nilivyosema. Akaisoma kwenye simu, akanyamaza kidogo, akaniambia sawa kaka, soma, ila kwenye kikao huyo shangazi mfanye mjomba, kuna mjumbe mmoja anatoka kata ile.